Chupa Zilizooshwa Mara Mbili

Mke wangu Odeta haamini kikombe mpaka akiinue kwenye mwanga. Anakijaza maji, anayamwaga, halafu anakitazama. Maji yakiteremka yote kwa pamoja, kama shuka linalovutwa kitandani, kikombe ni safi. Yakibaki matonetone, bado kuna mafuta, na kikombe kinarudi kwenye beseni. Hata tukiwa ugenini anafanya hivyo, kwa kificho kidogo, na mimi hujifanya natazama kuku wa wenyeji.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alizaliwa Ukerewe, akamaliza darasa la saba kama mimi, akaja Mwanza kwa shangazi yake aliyekuwa na genge la chakula Kirumba. Hapo ndipo nilipomfahamu. Nilikunywa chai nyingi kuliko kiu yangu, kwa sababu sikujua njia nyingine ya kuanzisha maneno. Baada ya kuoana tukahamia Igoma, mimi nikafungua karakana ya useremala, yeye akapata kazi ya kuosha vyombo vya kioo katika maabara ya chuo kimoja hapa mjini. Mwaka huu ametimiza miaka kumi na tisa kwenye sinki lile lile.

Mwanzoni hakuna aliyemwambia majina ya vile vyombo, basi akavipa majina yake. Kuna Mnene, kuna Shingo, kuna Filimbi. Siku hizi hata walimu wanasema, "Mama Malimi, niletee Shingo mbili." Daktari Mayala, ambaye sasa ni mkuu wa maabara, alifika pale akiwa mwanafunzi, na Odeta aliwahi kumgombeza kwa kuacha rangi ikaukie ndani ya Filimbi. Hawajasahau, wote wawili.

Mwaka huu wanafunzi watatu walikuwa wanatengeneza kifaa cha kupima kichocho. Palikuwa na mashindano ya vyuo, na kila timu ililazimika kuleta kifaa cha kupimia ugonjwa fulani. Kiongozi wao ni Hellen, binti mwembamba anayetembea kama mtu aliyechelewa. Wa pili ni Kushal, mtoto wa wenye duka la vifaa vya umeme mjini, Mhindi anayejua Kisukuma cha sokoni kuliko wanangu. Wa tatu ni Nathaniel, kijana mwenye akili sana, na anajua kwamba anayo.

Kifaa chao ni kidogo, kinakaa kiganjani. Unadondosha mkojo kwenye kikaratasi kilichopakwa dawa, kikaratasi unakichomeka kwenye kifaa, na baada ya dakika chache kinaonyesha namba. Namba ikiwa kubwa, una kichocho. Wakakiita Konokono, kwa kuwa konokono wa majini ndiye anayebeba vijidudu vya ugonjwa huo. Nilipokuwa mdogo, wavulana karibu wote wa kwetu walikojoa damu, na tuliona ni dalili ya kukua. Aliyekuwa hakojoi damu tulimcheka. Kwa hiyo Odeta aliponieleza kazi ya wale watoto, niliacha randa nikamsikiliza.

Walinipa kazi ndogo: kishubaka cha mbao chenye matundu thelathini na sita, cha kubebea chupa za mkojo zisimwagike njiani. Chupa zenyewe zilikuwa za zamani, kwani mpya zilichelewa kufika. Odeta aliziosha, akazisuuza kwa maji ya mtambo yasiyo na chumvi, akazikausha. Hellen akatia tone la dawa katika kila chupa, tone lisilo na rangi, la kuufanya mkojo usiharibike.

Wakaenda nazo kijiji kimoja cha wilaya ya Misungwi, kwenye mashamba ya mpunga karibu na ghuba. Ofisi ya kijiji iliwaruhusu, na nesi wa zahanati alikuwa na dawa za kuwapa watakaokutwa wanaumwa. Waligawa chupa asubuhi nyumba kwa nyumba, wakazikusanya adhuhuri. Masharti ya mashindano yalisema wapimwe watu thelathini, kwa Konokono na kwa hadubini, na majibu ya pande mbili yalingane kwa watu ishirini na wanne au zaidi. Timu isiyofikisha haipandi jukwaani.

Hadubini ilionyesha wagonjwa kumi na sita. Konokono ilisema mgonjwa ni mmoja.

Jioni ile Odeta alirudi nyumbani, akaketi kwenye benchi ya karakana bila kuvua viatu vya kazi.

"Baba Malimi," akasema, "wameniambia nimeacha sabuni kwenye chupa."

"Nani kakuambia?"

"Nathaniel. Ametumbukiza kwenye chupa kikaratasi cha kupimia magadi, kikageuka rangi. Anasema humo mna kitu kama sabuni au magadi, na kitu hicho kimeua dawa ya kwenye Konokono. Na aliyeosha ni mimi."

"Daktari Mayala kasemaje?"

"Kasema nipumzike kuosha. Nikafagie korido mpaka mashindano yaishe, halafu ataangalia." Akakunja mikono yake, ile mikono iliyopasukapasuka kwa maji. "Kachukua ufunguo wa kabati langu."

Nilichukua msasa nikaanza kupiga mbao ambayo nilikwisha kuipiga.

"Acha hiyo," akasema. "Imelainika tangu jana."

Watu wanaweza kudhani kuosha na kufagia ni kazi moja. Mimi nilielewa. Mtu akiniambia meza yangu imetetereka kwa kuwa sijui kupiga pembe mraba, hajaisema meza, amenisema mimi.

Kesho yake hakwenda koridoni kwanza. Alikwenda kwenye ndoo ya chupa zilizokwisha kumwagwa, akazitoa moja moja na kuziinua dirishani. Haya yote alinisimulia baadaye, na Kushal akathibitisha. Ndani ya chupa hakuona kitu. Akafungua kifuniko, akapitisha ukucha kwenye ile mistari inayozunguka shingo. Ukucha ukatoka na unga wa kijivu. Akausugua kati ya vidole, akaunusa. Akafungua chupa ya pili, ya tatu, ya kumi.

"Nathaniel, njoo, mwanangu. Sabuni ina mchanga?"

"Haina, mama. Lakini..."

"Gusa hapa."

Akagusa.

"Hayo ni majivu," Odeta akasema. "Majivu ya kuni. Sasa niambie, mimi majivu nitayatoa wapi humu? Chuo kizima kinapika kwa gesi."

Kushal akacheka kwa sauti. "Ndugu yangu, hapo huna jibu!"

Nathaniel hakucheka. "Inawezekana umeyaleta kutoka nyumbani, mama. Wazee wengi wanaamini majivu kuliko sabuni."

"Mzee ni nani?"

"Samahani. Sikumaanisha..."

"Ulimaanisha. Haya. Lini mnarudi kijijini?"

Hellen akasema wanarudi Jumamosi kwa mara ya mwisho, kwa kuwa mashindano yalikuwa Jumatano. Watu thelathini wengine walikwisha kukubali, na wenye mashindano waliipa timu nafasi hiyo moja tu.

"Mtakwenda na mimi," Odeta akasema.

"Mama, unataka kuwa mpelelezi?" Nathaniel akauliza.

"Nataka ufunguo wangu."

Hellen alimfuata Daktari Mayala. Sijui walizungumza nini, ila alirudi na ruhusa ya kwamba Odeta aoshe chupa mara hii Nathaniel akiwa amesimama karibu, na kwamba akionekana amekosea, habari ya sinki iishie hapo. Odeta akaosha thelathini na sita. Nathaniel akapima kila moja kwa kikaratasi chake. Hakuna hata kimoja kilichogeuka rangi.

"Andika," Odeta akamwambia. "Andika na saa."

Jumamosi nilifunga karakana tukaenda wote. Nilisema nakwenda kutazama kishubaka changu kama matundu hayajalegea. Odeta alinitazama tu. Dereva wa chuo alituacha kwenye ofisi ya kijiji kabla jua halijawa kali. Hellen akawakusanya akina mama, akawaeleza kwa Kiswahili kizuri cha darasani kwamba chupa ni salama na safi kitaalamu, wasiguse ndani, wawajazie watoto na wao wenyewe, na adhuhuri watapitiwa. Kushal akatafsiri kwa Kisukuma chake cha sokoni, akachekwa kidogo, akashukuru. Wanawake wakaitikia vizuri, wakapokea chupa kwa mikono miwili, wakaenda.

Odeta akamfuata mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Ng'washi, aliyekuwa amepewa chupa nne. Mimi nilikuja nyuma. Odeta ameishi na Wasukuma kwa zaidi ya miaka ishirini, hapotei.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu pale uani.

"Mwangaluka. Karibuni. Kaeni hapo kivulini, baba naye akae."

Tukaletewa vigoda. Wakaulizana habari za watoto, za mpunga, za kuku waliokufa kwa kideri. Huku akizungumza, Ng'washi alifungua chupa ya kwanza, akaiinamisha, akatikisa lile tone likaanguka mavumbini. Akanyoosha mkono kwenye jiko, akachota majivu yaliyopoa, akatia ndani na maji kidogo, akasugua kwa kijiti chenye kitambaa. Akasuuza kwa maji ya ndoo. Akaiweka mdomo chini juu ya kichanja ikauke. Akachukua ya pili.

Odeta hakusema kitu mpaka ya tatu.

"Mayu, unafanya nini?"

"Naosha."

"Hawakusema ni safi?"

Ng'washi akamwangalia kama anayemwangalia mtoto. "Mgeni atasema nini? Atasema kanipa chombo kichafu? Wameacha na maji ndani, hukuyaona? Sasa nimrudishie daktari mkojo kwenye chombo ambacho sijakiosha? Mkojo wenyewe ni aibu, na chombo nacho kiwe kichafu?"

Odeta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka Ng'washi naye akacheka bila kujua kisa. Nami nilicheka, kwa sababu nilikuwa naiona nyumba yangu. Jirani akituletea bakuli la dagaa, Odeta hulirudisha limeoshwa ingawa limekuja limeoshwa, na nisingethubutu kumwambia aache.

"Ungepewa wewe ungefanya nini?" nilimnong'oneza.

"Ningeosha," akasema, akifuta macho. "Tena ningeosha mara mbili."

Akatuma mtoto wa jirani awaite wanafunzi. Walipofika, Ng'washi alikuwa na chupa ya nne mkononi, na majivu bado yapo kwenye vidole. Hakuna aliyehitaji kueleza. Kushal akavua kofia. Hellen akakimbia nyumba ya pili, ya tatu, akarudi anahema.

"Wameshaziosha. Karibu zote."

"Tuliwaambia wasiguse ndani!" Nathaniel akapaza sauti. "Tuliwaambia kwa lugha mbili! Mama, kwa nini mnafanya mambo ambayo..."

"Nathaniel," Odeta akamkata, si kwa ukali. "Punguza sauti. Upo uani kwa mtu."

Nathaniel akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu mama kakuheshimu kuliko ulivyojiheshimu. Usimfokee kwa hilo."

Ng'washi alikuwa amesimama, chupa imemganda mkononi. "Nimeharibu?" akauliza.

"Hujaharibu," Odeta akamjibu. "Umefanya kama ninavyofanya kwangu. Wenye kosa ni sisi, hatukusema vizuri."

Hellen aliketi chini, palepale mavumbini, akashika kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yamekwisha, kwamba chupa sita zilizobaki hazitoshi, na Jumatano si mbali. Odeta alimwinua kwa kiwiko.

"Kesho ni Jumapili. Watu watatoka kanisani saa nne. Kamwombe mwenyekiti wa kijiji tuje kesho. Hizi chupa nirudishieni zote, nitaziosha leo."

"Mama, ni thelathini. Na maabara inafungwa Jumamosi mchana."

"Basi mpigie simu Daktari Mayala umwambie aje na ufunguo wangu."

Alikuja. Nilikuwepo kwenye mlango wa maabara alipofika, mtu mzima amevaa ndala za nyumbani. Hellen alimweleza yote. Daktari akasikiliza, akautoa ufunguo mfukoni, akawa anaugeuzageuza.

"Mama Malimi, ina maana..."

"Tutazungumza, daktari. Maji ya mtambo yanajaa taratibu."

Aliosha mchana ule wote. Nathaniel hakusimama kukagua mara hii. Alipanga chupa kwenye kishubaka, na mimi nilimwonyesha jinsi ya kuzilaza mdomo chini bila kugusa kuta za tundu. Kushal alileta sambusa kutoka kwao, akasema mama yake anauliza kama Odeta anaweza kuja kuwafundisha wafanyakazi wake kuosha glasi. Odeta akamwambia kwanza ajifunze yeye kula bila kudondosha makombo kwenye sinki la watu.

Hellen alikuwa na wazo la kuzibandika chupa utepe ili zisifunguliwe mpaka wakati wa kujaza. Nathaniel akataka kulitia rangi lile tone lionekane kuwa ni dawa, halafu akakumbuka kwamba rangi inaweza kuichanganya Konokono.

"Utepe watautoa," Odeta akasema. "Wataosha, wataurudisha vizuri kuliko ulivyoubandika. Niachieni mimi."

Jumapili wanawake walikuwa wengi zaidi, wengine wamekuja kutazama tu, na nguo za kanisani bado mwilini. Ng'washi alikuwa mbele. Habari ya majivu ilikwisha kuzunguka kijiji kizima, na walikuwa na wasiwasi wa kufokewa. Hellen alipotaka kuanza, Odeta akamgusa bega, akasimama yeye. Sikuwahi kumwona akisema mbele ya watu kabla ya hapo. Alizungumza Kisukuma chenye lafudhi ya Kikerewe, na hakuna aliyemcheka.

"Mama zangu, dada zangu, mimi si daktari," akasema. "Mimi ndiye ninayeosha. Tazameni mikono yangu." Akainyoosha, akaizungusha waione wote. "Chupa hizi nimeziosha mimi, jana, tangu mchana mpaka jioni. Ndani nimeacha dawa tone moja, kwa makusudi, kama unavyomwachia mgeni maji ya kunawa. Sasa, mwanamke mwenzangu akikuletea bakuli aliloliosha, ukalichukua mbele ya macho yake ukaliosha tena, umemwambia nini?"

Bibi mmoja nyuma akasema, "Umemwambia mchafu."

"Ndiyo. Kwa hiyo atakayeiosha chupa hii, ananitukana mimi, Odeta, mke wa Machibya, na mume wangu yule pale anasikia."

Walinigeukia wote. Nilitazama kishubaka.

"Hapo umetufunga!" yule bibi akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Ng'washi alikuja wa kwanza kupokea. Aliinua chupa juani, akalitazama lile tone, nikaona vidole vinamwasha. Kisha akaifunga kwa nguvu.

"Siyagusi majivu," akasema. "Lakini nikirudi nyumbani nitaosha hata ndoo, nipate kutulia."

Adhuhuri tulizikusanya. Nesi aliandika majina ya watakaohitaji dawa baada ya majibu, na Hellen alimwahidi mwenyekiti kwamba majibu yatarudi kabla ya mashindano, si baada. Yalirudi Jumanne, pamoja na ya wale wa mwanzo ambao hadubini iliwaona.

Konokono na hadubini vililingana kwa watu ishirini na saba. Watatu walipishana, na Hellen anasema hajui bado kwa nini, ila atajua.

Jumatano Odeta alikwenda ukumbini, mimi nikabaki nje karibu na mlango ambapo mtu anaweza kusikia. Jaji mmoja mama aliuliza kwa nini kwenye karatasi zao kuna majibu mabaya ya mara ya kwanza, na kwa nini hawakuyaondoa. Nilimsikia Nathaniel akishika kipaza sauti. Alisema chupa zilioshwa tena na watu wa kijijini, kwa majivu, kwa heshima. Akasema yeye alimsingizia mtu wa maabara yao bila kuuliza. Akasema jina lake lote, Odeta Machibya, na kwamba bila huyo wasingekuwa wamesimama pale. Wakawa wa tatu. Kushal alisema wa tatu ni wa kwanza aliyechelewa gari.

Daktari Mayala alimrudishia ufunguo mbele ya wafanyakazi wote wa maabara, akasema neno samahani, si mara moja. Odeta aliupokea kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata nilipita pale kuchukua kishubaka nikaze miguu yake. Nilimkuta Odeta kwenye sinki, na Nathaniel anaingia na beseni la chupa. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaweka beseni mezani.

"Leo nimekuoshea, mama," akasema. "Zote. Nimesuuza mara tatu kwa maji ya mtambo, kama unavyofanya."

Odeta akachukua moja, akaijaza maji, akayamwaga, akaiinua dirishani. Akaitazama muda mrefu. Akachukua nyingine. Kisha akafungua bomba, akavuta beseni, akaanza kuziosha upya tangu ya kwanza.

"Ina maana unaniambia mimi mchafu?" Nathaniel akauliza.

"Ndiyo," Odeta akamjibu, bila kugeuka. "Sogea hapa uone."

Akakunja mikono ya shati, akasogea.